Papa Aliyeachiliwa Hahesabiwi Kufa

Mwaka juzi nililipwa kuandika makala nane kuhusu kuvua papa kutoka ufukweni, kule Florida. Sijawahi kufika Florida. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kunishinda, nikawa naishi bedsita Likoni na kumwandikia mteja ambaye sura yake sijaiona hadi leo. Kama umewahi kuishi kwa kibarua cha mtandaoni, unajua mambo: leo magodoro, kesho bima ya mbwa, kesho kutwa papa.

Mteja alikuwa na sharti moja. Kila makala imalizie kwa kusema kwamba papa akirudishwa majini, hakuna aliyedhurika. Nikaandika hivyo mara nane, nikalipwa, nikalipa kodi ya nyumba. Sasa nasema wazi: ule ulikuwa uongo, na kadiri bahari inavyopata joto ndivyo uongo huo unavyoua zaidi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Jioni mtu anapeleka chambo mbali kwa kayaki, anarudi mchangani na fimbo yake, anasubiri. Papa akinasa, wanavutana, pengine dakika ishirini, pengine saa nzima. Anafikishwa kwenye maji ya magoti, anapigwa picha, ndoana inatolewa, anasukumwa aende. Anaenda. Watu wanapiga makofi, wanarudi nyumbani wakijiona wahifadhi wa mazingira.

Lakini anaenda akiwa na nini mwilini? Papa mwenye kichwa cha nyundo, yule wavuvi wa kwetu humwita mbingusi, hupumua kwa kuogelea mbele ili maji yapite kwenye matamvua. Ukimvuta hadi akasimama, umemziba pumzi. Misuli imejaa asidi kama ya mkimbiaji aliyepitiliza, ila mkimbiaji hukaa chini akahema, na mbingusi hana pa kukaa. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Miami walilinganisha aina tano za papa walionaswa na kuachiliwa. Mbingusi mkubwa ndiye aliyeumia zaidi na kupona kwa nadra zaidi. Wengi hawafi mbele ya kamera. Wanafia mbali, bila shahidi.

Hapo ongeza joto. Maji ya bahari ya nyuzi 30 hubeba takriban asilimia 15 pungufu ya oksijeni kuliko ya nyuzi 20. Papa wengi hawana joto lao wenyewe, kwa hivyo maji yakipanda, mwili wao unakwenda mbio na kudai oksijeni zaidi. Yaani mahitaji yanapanda huku stoo ikipungua. Julai 2023, kifaa kilichoko Manatee Bay, ghuba yenye maji kame kusini mwa Florida, kilisoma nyuzi 38.4. Hayo ni maji ya kuoga. Bado kuna mtu atakuambia kuachilia ni kuachilia tu, msimu wowote.

Papa wenyewe washatoa jibu. Kuna papa wa ncha nyeusi ambao kila baridi hushuka kwa maelfu hadi kusini mwa Florida. Stephen Kajiura wa Florida Atlantic University amewahesabu kutoka angani kwa miaka mingi, na maji yakiwa na joto zaidi, wanaofika ni wachache. Mwenye uwezo wa kuhama anahama. Asiye na uwezo je? Mwaka 2021 watafiti walichapisha matokeo ya kulea mayai ya papa mdogo wa miamba ya Australia kwenye maji ya nyuzi 31. Watoto waliangua mapema, wakiwa wadogo na wamechoka. Yai haliwezi kuhama.

Najua utakachosema. Kwani nyinyi wa pwani hamuwali? Tunawala, tena sana. Ami yangu kule Msambweni ametega jarife tangu kabla sijazaliwa. Papa kwetu ni ng'onda ya kupika na nazi, na mafuta ya ini lake, sifa, yamepakwa mashua vizazi na vizazi. Ami hajawahi kujiita mhifadhi. Papa akiletwa bandarini anapimwa kwa mizani, anaandikwa kwenye daftari, kilo kadhaa, amekufa. Hesabu yake ipo. Ndiyo maana kila mtu mwenye ripoti anajua kumlaumu.

Yule wa Florida aliyefia mbali usiku ule yuko kwenye hesabu gani? Ameandikwa hai. Hiki ndicho kinachonikera. Maskini anayeua ili ale ana rekodi, na mwenye pesa anayeua ili apige picha ana cheti. Florida yenyewe inajua kuna shida: tangu Julai 2019, anayevua papa kutoka ufukweni lazima apate mafunzo na kibali, na aina zilizolindwa, mbingusi wakiwemo, hawaruhusiwi kutolewa majini. Vizuri. Lakini kibali ni bure na kinatumika hata Agosti, maji yanapokuwa supu. Sheria inayojali papa ingetazama kipimajoto pia: maji yakipita kiwango fulani, fimbo zirudi nyumbani.

Na sisi tusijifiche nyuma ya umaskini. Mbingusi wengi wanaonaswa na wavuvi wadogo wa pwani ya Kenya ni watoto, kwa sababu mama zao huwazalia kwenye maji ya kina kifupi, na nyavu ziko hapo hapo. Aina hiyo iliwekwa mwaka 2019 kwenye daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Bahari yetu haiko salama pia. Upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi umepata joto la takriban nyuzi 1.2 tangu mwanzo wa karne iliyopita hadi 2012. Moshi mwingi uliofanya hivyo haukutoka kwa mtumbwi wa ami. Ila mtoto wa papa hajui moshi ni wa nani.

Kwa hivyo naomba kwa mpangilio. Aanze kuacha yule asiyelala njaa akiacha. Mchezo usimame kwanza, kisha ndiyo muende kwa ami na mpango unaoeleweka: atavua wapi wakati wa kuzaliana, na atakula nini akisubiri.

Kaskazi iliyopita nilimsomea moja ya makala zangu, nikimtafsiria. Alisikiliza hadi mwisho, pale nilipoandika kwamba papa anarudi zake salama.

"Nani alimfuata kuhakikisha?" akaniuliza.

"Hakuna, ami."

Akarudi kushona jarife lake. Usiku huo nilimwandikia mteja nikitaka mstari ule ubadilishwe kwenye makala zote nane. Hakujibu, na kazi haikuja tena. Makala bado ziko hewani, na papa wa mle wote wako hai.