Pikipiki ndogo inatosha, na inapendeza kuliko kubwa

Pikipiki ya cc 125 inatosha. Nasema hivyo kama mtu anayepanda milima ya Rubavu, hapa Rwanda, kwa kazi, mvua au jua, akiwa na mtungi wa naitrojeni ya kimiminika uliofungwa kwenye keria. Wala sisemi inatosha kwa sababu mfuko hauruhusu nyingine. Naipenda kuliko kubwa, na leo nataka kuitetea, maana vijana wengi wa Gisenyi wanaiona pikipiki ndogo kama mahali pa kupita tu: leo Boxer, mwakani cc 600, baadaye gari.

Mimi ni daktari wa mifugo. Wafugaji wa Mudende, Kanzenze na Bugeshi wananiita Veterineri, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni uhimilishaji, yaani kuwapandisha ng'ombe kwa mbegu zilizohifadhiwa kwenye baridi kali. Ng'ombe akionekana na joto asubuhi, anapandishwa jioni. Akionekana jioni, ni kesho yake asubuhi. Muda huo ukipita, mfugaji atangoja wiki tatu nyingine, na wiki tatu ni maziwa, ni ada ya shule. Zaidi ya hapo, tangu mpango wa Girinka uanze mwaka 2006, wa kuzipa familia maskini ng'ombe mmoja mmoja, mifugo ya kuhudumia haiko tu kwenye malisho mapana ya Gishwati. Iko nyuma ya jikoni la mama mwenye ng'ombe mmoja na shamba la viazi juu kabisa ya kilima, mahali ambapo gari halijawahi kufika. Kwa hiyo safari yangu huanza kwenye lami na kuishia kwenye njia ya upana wa ng'ombe huyo huyo.

Gisenyi iko kando ya Ziwa Kivu, kiasi cha mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka mjini ukapita Rugerero na mashamba ya chai ya Pfunda, barabara ya Musanze inaanza kupanda, na ukifika Bigogwe uko juu ya mita 2,000. Hewa huko ni nyepesi na injini yoyote isiyosukumiwa hewa ya ziada hupungukiwa nguvu. Injini yenye nguvu za farasi kumi hivi inakuambia kila kitu kuhusu mlima huo. Unaisikia gia ya nne ikianza kuwa nzito, unashuka ya tatu kabla haijachoka, si baada ya kuchoka, maana ukichelewa unajikuta kwenye ya pili nyuma ya lori la viazi na huko utabaki hadi kilele. Ukiingia kwenye kona huku umeshika breki bila sababu, unatupa mwendo ulioutafuta kwa dakika nzima. Kwa hiyo unajifunza kutazama mbali. Unajua wapi mteremko unalegea, wapi waendesha baiskeli waliobeba magunia hujitokeza ghafla, wapi maji hukatiza barabara baada ya mvua. Mimi barabara hii naijua kwa masikio.

Na raha yake ni kwamba naitumia injini yote. Nafungua mafuta mpaka mwisho, ninalala kidogo juu ya tangi, mlima unasogea, na bado niko kwenye kilomita 55 kwa saa, ndani ya sheria na ndani ya uwezo wangu. Mgeni mmoja aliyekuwa akielekea Karongi aliwahi kuniachia nijaribu BMW yake, ile R 1250 GS, yenye nguvu za farasi 136. Ni mashine nzuri sana, nakiri kwa moyo wote. Imetulia, upepo wa malori hauitikisi, breki zake ni za ajabu. Lakini kwenye barabara yetu yenye vibao vya 60 na zile kamera ambazo watu wamezipa jina la Sofia, kazi yangu yote ilikuwa kuizuia. Nguvu tisa katika kila kumi hazikuwa na pa kwenda. Nikairudisha nikiwa nimeheshimu ufundi wa Wajerumani na nikiwa na hamu ya kuisikia yangu ikihangaika na mlima wa Nyakiriba.

Uzito ndiyo hoja yangu kubwa zaidi. BMW ile ina kilo 249 kabla hujapakia kitu. Yangu ni kilo mia moja na kidogo. Kwenye lami tofauti hiyo unaweza kuisahau. Njoo Mudende mwezi wa Aprili. Udongo wetu ni wa volkano, mweusi, na ukishashiba mvua unateleza hata ukisimama. Gurudumu la nyuma linapoanza kuchimba, siongezi mafuta. Nashuka, naweka gia ya kwanza, naachia klachi kwa kidole kimoja na kutembea ubavuni mwa pikipiki, injini ikijivuta yenyewe huku nyonga yangu ikizuia isilale. Nyuma, mwenye ng'ombe anasukuma keria kwa mkono mmoja, jembe likiwa kwenye mkono wa pili. Hatuwezi kuilaza hata kidogo, kwa sababu mtungi una naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ikimwagika, mirija ya mbegu inaharibika na safari imekufa. Pikipiki ya kilo 249 isingesimamishwa kwa nyonga. Nimewahi kusaidia kuinua moja iliyolala kwenye tope la njia ya Congo Nile, ile inayofuata ziwa kwa kilomita 227 kutoka hapa Rubavu mpaka Rusizi. Tulihitajika watu wanne, na mwenyewe alikuwa hodari, amezoea. Uzito hauangalii uhodari.

Kisha kuna suala la fundi. Karabureta ikiziba, na petroli ya huku mara nyingine ina uchafu, naenda kwa fundi wa Mbugangari. Fundi hafungui kompyuta. Anafunga bomba la mafuta, analegeza skrubu za bakuli la karabureta, anamwaga petroli iliyobaki kwenye kifuniko na kuitazama kama ina maji. Halafu anatoa kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambalo petroli hupitia, anakipuliza kwa mdomo, anakiinua juu kuelekea jua na kufumba jicho moja. Akiona mwanga ukipenya upande wa pili, anakirudisha. Simu ikilia kwamba ng'ombe wa Bugeshi ana joto, nimeshaondoka. Plagi, cheni, kebo ya klachi, bitana za breki, vyote vinapatikana dukani hapo hapo, kwa bei ambayo haimfanyi mtu aombe mkopo. Mwenye pikipiki kubwa anaagiza kipuri Nairobi au Ulaya na kungoja. Ng'ombe hangoji.

Wako wanaodhani hii ni falsafa ya kujifariji ya watu wa kipato kidogo. Historia inakataa. Mwaka 1958 Soichiro Honda na mwenzake Takeo Fujisawa walipotoa Super Cub ya cc 50 nchini Japani, walikuwa wamekusudia mashine ndogo tangu mwanzo: nyepesi, isiyotisha, ambayo mpeleka chakula angeiendesha kwa mkono mmoja. Kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini kilichotengenezwa kwa wingi huo. Baadaye Wahindi wa Bajaj na TVS wakaja na Boxer na HLX, imara, rahisi kufungua, ambazo lita moja hukufikisha kilomita 50 au zaidi, na Afrika Mashariki ikaanza kutembea. Vuka tu mpaka wa Kongo uone. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002 na lava ikakatiza katikati ya Goma, mitaa mingi ilibaki mawe makali kwa miaka. Hapo pikipiki nyepesi ndizo zilizobeba wagonjwa, walimu na mifuko ya unga. Jiji zima lilijua thamani yake.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, hakimo kwenye injini. Kwa mwendo wangu, watu wananiona nikija na mimi nawaona. Sauti ya pikipiki yangu wanaifahamu, na mama aliyeinama shambani anapata muda wa kunyoosha mgongo na kuinua mkono. "Veterineri, subiri kidogo, nina ndama hataki kunyonya." Nasimama palepale, mguu mmoja chini, bila kutafuta pa kuegesha. Mara nyingi ndama huyo hakuwa kwenye ratiba ya siku, na mara nyingi angekuwa amekufa kufikia siku ya ratiba. Mzee mmoja wa Kanzenze hunipa maziwa kila nipitapo kwa sababu ya kusimama namna hiyo, na sijui kama angethubutu kunipungia mkono ningekuwa ninapita na ngurumo ya cc 1,000 na kioo cheusi usoni.

Sisemi ndogo haina shida. Breki nyingi za pikipiki hizi si za kujivunia, na tairi la bei rahisi kwenye lami yenye maji linaua sawasawa na la pikipiki yoyote. Anayekwenda Kigali kila wiki, kilomita zaidi ya 150 kila upande, akipigwa na upepo wa malori ya mafuta, ana haki ya kutaka cc 200 au 250, na sitamlaumu. Ninachokataa ni ile imani kwamba mwanaume, na siku hizi mwanamke pia, anapimwa kwa ukubwa wa injini aliyokalia.

Mabadiliko yanakuja. Tangu Januari 2025 Kigali haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa biashara ya kubeba abiria. Mpya lazima ziwe za umeme. Hizo pia ni ndogo na nyepesi, na nimefurahi. Ombi langu kwa watengenezaji ni moja: watukumbuke sisi wa milimani, kwenye tope na mbali na vituo vya kubadilishia betri, na wasitupokonye uwezo wa kufungua mashine kwa spana ya kawaida.

Na kwako kijana wa Gisenyi unayeweka akiba, na kwako mzazi unayetaka kumsaidia: kwa bei ya pikipiki kubwa moja iliyotumika, mtapata cc 125 mpya, helmeti mbili za maana, tairi nzuri, koti la mvua linalozuia mvua kweli, na ada ya kujifunza mpaka leseni ya daraja A ipatikane. Nunueni hivyo vyote kwa pamoja, si pikipiki peke yake.