Mdai Si Mwombaji

Neno likitumiwa mahali pasipo pake huweza kugeuza haki kuwa hisani. Mtu aliyepigwa rungu njiani akabaki kilema, akiambiwa kwamba anaweza kupata fidia kwa Serikali, hupewa karatasi ya kujaza. Katika karatasi kama hizo aghalabu haitwi mdai wala mdhulumiwa, huitwa mwombaji. Na mwombaji, kwa Kiswahili, ni yule anyoshaye mkono. Mwenye kutoa ana hiari ya kutoa au kunyima, na mwenye kupewa hana budi kushukuru hata akipewa makombo. Kosa hilo lilianza katika fikira kabla ya kufika katika lugha, na kila ofisi ya fidia iliyojengwa juu yake imejengwa upande.

Yafaa kwanza kuitazama asili ya deni lenyewe. Zamani mtu akiuawa au akijeruhiwa, jamaa zake walikuwa na njia mbili: kisasi au dia. Dola ya siku hizi imezifunga zote mbili. Imekataza kisasi, na katika hilo imefanya vyema. Imeitwaa kesi ikaifanya yake, ikamweka mdhulumiwa kando awe shahidi tu. Na mkosa akitozwa faini, faini huingia Hazina. Basi dola iliyompokonya mtu silaha yake kwa ahadi ya kumlinda, ikashindwa kumlinda, kisha ikapokea faini ya damu yake, itasema kwa ulimi gani kwamba haidaiwi?

Margery Fry, mwanamke wa Kiingereza aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake katika kurekebisha hali ya magereza, aliipigania fidia hii katika miaka ya 1950, akafariki mwaka 1958 kabla hajaona matunda yake. New Zealand ilitunga sheria mwaka 1963. Uingereza ikaanza mpango wake mwaka 1964. Lakini mpango wa Uingereza ulizaliwa na ila. Serikali ilikubali kulipa, ikakataa kukiri kwamba inadaiwa. Malipo yakahesabiwa kuwa ya hisani. Mwaka 1988 Bunge lilipitisha sheria ya kuyapa malipo hayo nguvu ya haki, na sheria hiyo ikaachwa bila kuanza kutumika. Mwaka 1994 Serikali ilileta mpango wa malipo nafuu kwake bila ya kurudi Bungeni. Na mwaka 1995 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati ule, likaamua kwamba Waziri amepita mipaka ya madaraka yake. Hata hivyo sheria mpya ilitungwa mwaka ule ule, na kuanzia 1996 mpango nafuu ukawa halali.

Mpango huo ni orodha ya bei. Jino lina bei yake, jicho lina bei yake, mguu una bei yake, na jumla ya malipo ya mtu mmoja haipiti pauni 500,000. Wanaoutetea husema kwamba orodha huharakisha kazi, na huwafanya watu wawili wenye jeraha moja walipwe sawa. Hoja hiyo ina uzito wake, nayo isingekuwa na ubaya kama bei zingekwenda pamoja na maisha. Lakini kikomo cha 1996 kilikutwa pale pale mpango ulipoandikwa upya mwaka 2012, hali mkate, kodi ya nyumba na ujira wa muuguzi vilikwisha panda mara nyingi. Mwaka huo huo majeraha mengi madogo yaliondolewa katika orodha, na mengi ya katikati yakapunguziwa bei. Mdai angeuliza deni limepunguzwa kwa malipo gani. Mwombaji hana la kuuliza.

Ubaya wa hisani huonekana zaidi katika masharti, kwa kuwa mtoa hisani hupenda kuchagua masikini mwema. Ndugu wawili kutoka Lithuania walipelekwa Uingereza na wafanya biashara ya watu, wakatumikishwa kwa dhuluma, na waliowatenda hivyo wakapatikana na hatia. Ndugu hao walinyimwa fidia kwa sababu huko kwao walikuwa na hukumu za zamani zisizohusiana kabisa na mateso yao. Na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza ilisema kwamba sharti hilo ni halali. Kadhalika, kwa miaka mingi mtu aliyeumizwa kabla ya tarehe 1 Oktoba 1979 na mtu wa jamaa waliyeishi naye chini ya dari moja alikataliwa. Mtoto aliyeharibiwa na mgeni alilipwa; aliyeharibiwa na baba wa kambo ndani ya nyumba, asikokuwa na pa kukimbilia, hakulipwa. Ilikuwa lazima mahakama ya rufani iseme mwaka 2018 ndipo sharti hilo likafutwa mwaka 2019.

Kisha kuna mzigo wa kazi. Aliyejeruhiwa ndiye anayetakiwa aende polisi bila ya kukawia, aandike madai yake katika muda wa miaka miwili, akusanye ushahidi, na akitaka wakili amlipe mwenyewe. Ofisi yenye makarani, simu na amri ya kuitisha majalada humngoja mtu ambaye pengine akili yake imevunjika pamoja na mifupa yake. Mwenye nguvu ameketi na mnyonge anatembezwa.

Watasema baadhi ya watu kwamba Hazina haina kina kisichokwisha. Ni kweli, lakini uchache wa fedha ni sababu ya kulipa kidogo kidogo, nao haujapata kuwa sababu ya kulikana deni. Watasema kwamba waongo watakuja pamoja na wakweli. Waongo huja pia kwa wakusanya kodi, na hakuna dola iliyoacha kukusanya kodi kwa ajili yao. Watasema kwamba aliyepiga ndiye alipe. Naam, alipe, lakini wengi wa wakosa hawapatikani, na wengi wa wanaopatikana hawana kitu. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 1985 liliona jambo hilo, likazitaka dola zijitahidi kulipa pale ambapo malipo ya mkosa hayatoshi.

Jambo hili si la Wazungu peke yao. Kenya ilitunga mwaka 2014 sheria ya kuwalinda wadhulumiwa, na ndani yake ikaweka Mfuko wa kuwasaidia. Tanzania ina mahakama zenye uwezo wa kumwamuru mkosa alipe fidia, na katika makosa ya kujamiiana, tangu sheria ya mwaka 1998, amri hiyo ni lazima. Bali hukumu juu ya mtu asiye na mali ni karatasi tu. Nchi hizi bado zina nafasi ya kujenga bila kunakili nyufa za jengo la mwenzao. Sheria itamke kwamba fidia ni haki. Ofisi ndiyo ilitafute jalada la polisi. Kikomo kitazamwe kila mwaka. Atakayekataliwa apewe sababu kwa maandishi, kwa lugha aijuayo, na awe na mahali pa kukata rufani. Na katika karatasi ya kwanza kabisa, neno mwombaji lifutwe, liandikwe mdai.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Walisema pia kwamba dawa ya deni ni kulipa. Na hawakusema kwamba mwenye deni humtaka anayemdai apige magoti kwanza.