CHAKULA CHA BABA NA KOPO LA MTOTO

Asubuhi ya siku ya shule, kabla jua halijapanda, jambo moja hutendeka katika nyumba nyingi za Dar es Salaam. Mama hufunua sahani iliyofunikwa tangu jana usiku, huinusa, huitazama, kisha hukitia kilichomo katika kopo au hotipoti na kumkabidhi mtoto aende nacho shule. Kiporo hicho ndicho tutakachokizungumza leo, na msomaji asidhani kwamba habari za jikoni hazistahili kufika katika safu hii. Taifa lililoondoa ada mwaka 2016 ili kila mtoto aketi darasani lina haki ya kuuliza mtoto huyo ameketi na nini tumboni.

Kwanza tuiondoe dharau. Wako wazazi, hasa waliopata vijisenti juzi, ambao huona haya mtoto wao kuonekana na chakula cha jana. Badala yake humpa sarafu ya shilingi 500, naye huimaliza langoni kwa kachori na barafu ya rangi. Huo ni upuuzi. Wali na maharage vya nyumbani humjenga mtoto kuliko vitu hivyo vyote. Wazee wetu waliamka wakala mwiku, wakashika jembe, wala hakuna aliyewacheka. Katika Injili twasoma kwamba watu 5,000 walipokwisha kushiba, mabaki yalikusanywa vikapu 12 yasipotee. Na ndugu zetu Waislamu nao wamekatazwa israfu. Basi mwenye kumcheka mtoto wa mwenziwe kwa sababu ya kiporo amcheke na babu yake.

Lakini tukisema kiporo si aibu, hatusemi kila kiporo ni chakula. Shirika la Afya Duniani limekuwa likifundisha tangu mwaka 2001 kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe wazi katika joto la kawaida zaidi ya saa 2. Sasa tuhesabu. Chakula hupakuliwa saa mbili usiku. Mtoto hufungua kopo lake saa sita mchana. Hizo ni saa 16, katika mji ambao usiku wa Februari joto lake huwa karibu digrii 25. Mchuzi wa nazi hauwezi kuvumilia safari hiyo; utachacha kabla ya jogoo kuwika, na heri kuchacha, kwa kuwa pua ya mama itamwonya. Wali ni mjanja zaidi. Katika mchele mna vijidudu, ambavyo wataalamu huviita Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa katika joto, mbegu hizo huzaana na kutoa sumu, na sumu ya kutapisha haiondoki hata wali ukipashwa moto mara ya pili. Mama aliyeupasha wali huo asubuhi hadi ukatoa mvuke huamini ameusafisha. Hana kosa, hakuambiwa.

Hapa tunafika kwenye neno ambalo wanaume wenzetu hawatalipenda. Sahani ile iliyofunikwa usiku kucha ilikuwa ya nani? Mara nyingi ilikuwa ya baba. Watoto walikwisha kula, mama naye alikwisha kula, na sehemu nzuri kuliko zote, yenye kipande cha samaki cha kati, ikafunikwa kumngoja mwenye nyumba. Mwenye nyumba alipita barazani, akazungumza siasa na mpira, akala mishikaki na wenziwe, akarudi saa tano amekwisha kushiba. Sahani ikalala mezani. Alfajiri ikawa kiporo, na kiporo kikawa chakula cha mtoto. Hivyo mtoto hula kile alichokikataa baba, baada ya kulinda meza usiku kucha.

Hatusemi baba asiwekewe chakula. Heshima hiyo ni ya desturi yetu na ni njema. Twasema tu kwamba baba huyo anayo simu mfukoni. Ikiwa ajua hatakula nyumbani, na aseme kabla chungu hakijatiwa maji. Kibaba chake cha mchele kitabaki kibichi, na kibichi hakichachi. Alfajiri kitapikwa, kitatiwa katika hotipoti kingali cha moto sana, na mtoto atakula chakula chake mwenyewe. Twajua mkaa ni ghali na mama amechoka. Lakini kibaba kimoja hakitaki moto mwingi, na baba aweza kuamka akauwasha.

Nyumba zenye jokofu zina nafuu, ila na huko utaratibu ugeuzwe. Sehemu ya mtoto ya kesho ipakuliwe kwanza, wakati ule ule wa kupakua, kabla mikono haijaingia sahanini. Ipozwe upesi katika chombo kipana na kuwekwa baridini, na asubuhi ipashwe hadi moto ufike katikati. Wasio na jokofu wasiweke wali wala cho chote chenye nazi. Viazi vitamu au mihogo iliyochemshwa alfajiri, chapati, dagaa waliokaushwa vema kwa kukaangwa: hivyo husafiri bila matata.

Yuko pia mtoto asiye na kopo kabisa, kwa kuwa kwao chungu hufutwa usiku hadi kikang'aa. Huyo hawezi kusaidiwa na mawaidha juu ya viporo. Mwongozo wa Serikali wa mwaka 2020 kuhusu chakula na lishe shuleni uliwataka wazazi na jamii kushirikiana na shule, na bado ziko shule za kutwa ambazo jiko lake ni mawe matatu yasiyo na majivu. Katika miaka ya 1950 na 1960 wazazi wa TAPA walijenga shule kwa mikono yao. Jumuiya ya Wazazi, iliyo mrithi wake, pamoja na mabalozi wa mashina, wanaweza kuhesabu nyumba kwa nyumba ni nani aweza kutoa debe la mahindi na ni nani asiweza, ili asiyeweza asidaiwe mbele ya mwanawe.

Na walimu wakuu watenge rafu moja ndani ya kivuli. Tumeyaona makopo ya watoto yamepangwa dirishani, yakipigwa na jua tangu saa mbili asubuhi.