Ukimrudisha Mgeni, Mpe Karatasi Yenye Sababu

Wasee, leo sina stori ya kuchekesha. Nataka tuongee kuhusu kaunta ya uhamiaji kwenye uwanja wa ndege. Ile yenye kioo, kamera ndogo na kale kamashine ka kuchukua alama za vidole.

Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa, ili kama unataka kupinga usimalize bando bure. Afisa akimzuia mgeni kuingia nchini, ampe karatasi. Iandikwe sababu, iandikwe namba ya afisa, na iandikwe mahali pa kukata rufaa. Bila hiyo karatasi, ile kaunta ni ubabe uliovalishwa sare. Na nasema hivi kwa Kenya, kwa Tanzania, kwa Uganda, kwa kila mwenye muhuri.

Mei 2025 tulikasirika sote, mnakumbuka. Tarehe 18, Martha Karua alitua Dar es Salaam akienda kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Akazuiliwa pale pale uwanjani, akarudishwa Nairobi. Kesho yake ikawa zamu ya Willy Mutunga, Hussein Khalid na Hanifa Adan. Mutunga ni Jaji Mkuu mstaafu, jamani. Mtandao uliwaka. Kwa siku tatu kila Mkenya alikuwa wakili wa sheria za Afrika Mashariki.

Hasira ile ilikuwa halali kabisa. Shida yangu ni kwamba ilizima haraka, na hatukuwahi kuigeuza ikaangalia kwetu.

Kwetu kuna nini? Anza na Miguna Miguna. Februari 2018 alisafirishwa kwa nguvu hadi Canada. Machi mwaka huo huo akarudi, akazuiliwa JKIA kwa siku kadhaa, akawa anatuandikia kutoka chooni. Mahakama Kuu ilitoa amri juu ya amri, na bado akajikuta kwenye ndege ya kwenda Dubai. Alikanyaga Kenya tena Oktoba 2022, baada ya serikali kubadilika. Huyo ni mzaliwa wa hapa, mwenye mawakili wakubwa, mwenye kelele, mwenye wafuasi. Sasa fikiria mama mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, peke yake, simu haina laini ya Kenya. Huyo akiambiwa "rudi ulikotoka", nani atajua?

Wengi wetu hatujui hii mashine inavyofanya kazi, kwa hivyo wacha niieleze haraka.

Kuchujwa kunaanza kabla hujapanda ndege. Shirika la ndege linakagua pasipoti yako na vibali vyako, kwa sababu ukikataliwa kule mbele, ni wao wanaolazimika kukurudisha. Kwa hivyo mfanyakazi wa shirika la ndege, ambaye hakuajiriwa na serikali yoyote, tayari ameshakuwa afisa wa uhamiaji wa kwanza. Ukitua, unafika kaunta. Pasipoti inapitishwa kwenye mashine, jina lako linalinganishwa na orodha za watu wanaotafutwa, na hati yenyewe inaweza kulinganishwa na hifadhidata ya Interpol ya pasipoti zilizoibiwa au kupotea. Unapigwa picha, unaweka vidole. Hapo kompyuta imemaliza kazi yake.

Kisha yanaanza maswali. Umekuja kufanya nini? Utakaa siku ngapi? Utalala wapi? Una pesa? Tiketi ya kurudi iko wapi? Jibu likimtosheleza afisa, muhuri unagongwa. Lisipomtosheleza, unaambiwa ukae kando, na hapo kando ndipo penye giza. Hapana kamera ya umma, hapana wakili, na mara nyingi hapana hata mtu wa kukueleza unangoja nini. Mizigo inafunguliwa. Simu inaombwa. Unakaa.

Mimi sipingi maswali. Maswali ni sawa. Ninachopinga ni kwamba hayo maswali yana majibu mazuri kwa watu wa aina moja tu.

Nimeyaona kwa macho yangu. Kuna safari moja nilikuwa naenda nchi fulani ya Kiafrika, siitaji, kupiga kazi na mabinti wawili wanaotengeneza video kule. Nikafika kaunta. Afisa akaniuliza, "Kazi yako?"

"Natengeneza kontenti, mkubwa."

"Hiyo ni kazi?"

"Ndiyo, ndiyo inalipa kodi ya nyumba."

"Barua ya mwajiri?"

"Sina mwajiri."

"Basi wewe ni mwanafunzi. Kitambulisho cha chuo?"

"Niliacha chuo."

Akanitazama kama nimekiri kuua. Nikawekwa kando kwa karibu saa tatu. Nilikuwa na tiketi ya kurudi, nilikuwa na mahali pa kulala palipolipiwa, nilikuwa na pesa. Wakati nimekaa pale, akapita kijana mzungu wa umri wangu, viatu vimetoboka, begi mgongoni, akasema kwa sauti anazunguka Afrika na hajui atalala wapi. Akagongewa muhuri, akaambiwa karibu sana. Huyo hakuwa na barua ya mwajiri wala kitambulisho cha chuo. Hakuulizwa.

Mwishowe nikaruhusiwa, hata sijui kwa nini. Na hilo ndilo linaniuma zaidi. Sikujua kwa nini nilizuiliwa, na sikujua kwa nini niliachiliwa. Ukimtendea mtu hivyo unamfundisha kwamba haki ni mudi ya afisa siku hiyo.

Kabla hujasema "hizo ni nchi za watu, Kenya tuko fiti", hebu tuangalie sera yetu. Rais Ruto alitangaza Desemba 2023 kwamba viza zinaondolewa, na kuanzia Januari 2024 mgeni anajaza kibali cha mtandaoni, ile eTA. Waafrika walipiga kelele, kwa sababu watu wa nchi ambazo hazikuhitaji viza ya Kenya zamani wakajikuta wanajaza fomu na kulipa dola 30. Kwa wengi ilikuwa viza yenye jina jipya. Januari 2025 Baraza la Mawaziri likaamua kuwaondolea Waafrika karibu wote sharti hilo. Hapo nilipiga makofi. Halafu ukasoma mstari wa chini: isipokuwa Somalia na Libya, kwa sababu za usalama.

Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Ndugu yetu wa jumuiya, tumemkaribisha mezani, halafu tunamwambia alipe mlangoni. Na si jambo la jana. Mei 2019 ndege za kutoka Mogadishu ziliamriwa tena zitue Wajir kwanza, abiria wakaguliwe huko, ndipo ziendelee Nairobi. Mwezi huo huo maafisa wa serikali ya Somalia, akiwemo naibu waziri, walikataliwa kuingia JKIA wakiwa na pasipoti za kidiplomasia. Kama naibu waziri anarudishwa, mwanafunzi wa Kisomali anayekuja kusoma Nairobi atajitetea na nini?

Najua jibu mnaloandika saa hii. "We kijana umesahau Westgate? Umesahau Dusit?"

Sijasahau. Na wewe usisahau yafuatayo. Mmoja wa waliovamia Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015 alikuwa Abdirahim Abdullahi, Mkenya, aliyesomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Katika shambulio la Dusit, Januari 2019, mmoja wa washambuliaji alikuwa Salim Gichunge, Mkenya, mtoto wa mwanajeshi. Hawa walikuwa raia. Kuwanyanyasa wageni wa pasipoti fulani kusingewashika hata kidogo. Baba ya mmoja ndiye aliyeripoti kwamba mtoto wake amepotea. Taarifa ilikuwepo.

Upande wa pili wa sarafu ni Gregory Dow. Mmarekani, mmishonari. Mwaka wa 1996 alipatikana na hatia kule Iowa kwa kosa la shambulio kwa nia ya dhuluma ya kingono. Mwaka wa 2008 alikuja Kenya na kuanzisha makao ya watoto Boito, kaunti ya Bomet. Akawadhulumu wasichana wadogo kwa miaka. Rekodi yake ilikuwa imeandikwa huko kwao, lakini alikuwa na sura ya mtu wa Mungu na pasipoti ya bluu, na alipita. Aliyemfichua hakuwa afisa wa kaunta. Alikuwa mwanamke Mkenya anayeishi Marekani, aliyesikia habari na kwenda kijijini kuuliza maswali mwenyewe. Mwaka wa 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga zaidi ya miaka 15.

Kwa hivyo hii habari ya "tunawachuja kwa usalama" niambie polepole. Ukichuja kwa rangi ya pasipoti, unawapoteza muda watu ambao hawana shida, na unamfungulia mlango yule ambaye hujawahi kumfikiria vibaya. Macho ya afisa yana kazi, lakini yaelekezwe kwa rekodi na tabia.

Kuna wale watasema mgeni hana haki ya kuingia nchi ya mwenzake. Nusu ni kweli. Katiba yetu, kifungu cha 39, inampa raia haki ya kuingia na kukaa Kenya, na mgeni hayumo. Lakini soma kifungu cha 47. Kinasema kila mtu ana haki ya kutendewa haki na ofisi ya serikali inapomfanyia uamuzi, na kwamba haki ya mtu ikiguswa vibaya na uamuzi huo, apewe sababu kwa maandishi. Kila mtu. Waliotuandikia Katiba walijua tofauti ya "raia" na "kila mtu", ndiyo maana wametumia maneno yote mawili. Mwaka wa 2015 Bunge likapitisha sheria nzima kutekeleza kifungu hicho.

Na kwa Afrika Mashariki hoja ilishamalizwa kortini. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mohochi, alitua Entebbe akiwa na ujumbe wa mawakili wenzake. Wenzake waliruhusiwa, yeye akazuiliwa na kurudishwa Nairobi bila kuelezwa kosa lake. Hakunyamaza. Alienda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, na Mei 2013 akashinda. Uganda ilijitetea kwamba nchi ina mamlaka ya kuchagua nani aingie. Mahakama ikasema mamlaka hayo hayafuti ahadi iliyotiwa saini kwenye mkataba, na kwamba kumrudisha raia wa jumuiya bila kumpa sababu ni kinyume cha sheria.

Hukumu hiyo ilitoka miaka 12 kabla ya Karua na Mutunga kurudishwa. Ilikuwa hapo kabatini. Hakuna serikali hata moja iliyoitoa ikaigeuza kuwa fomu ya ukurasa mmoja kwenye kaunta.

Ndiyo maana narudia karatasi. Watu wananiambia karatasi ni kitu kidogo. Karatasi si kitu kidogo kwa afisa anayejua namba yake iko juu yake. Atafikiri mara mbili kabla ya kuandika "alinijibu vibaya" kama sababu ya kumrudisha mtu aliyeuza mbuzi kununua tiketi. Na akiwa na sababu ya kweli, ya pasipoti bandia au jina kwenye orodha, karatasi itamlinda yeye pia, hata mkubwa wake akimruka baadaye. Wale maafisa waliopokea amri kwa simu kutoka juu, karatasi ndiyo kinga yao ya pekee. "Mkubwa, niandike nini hapa kwenye sababu?" Hilo swali peke yake lingemwokoa mtu.

Kisha serikali itoe hesabu kila mwaka: wageni wangapi walirudishwa, wa nchi gani, kwa sababu gani. Bila majina, hesabu tu. Kama hakuna ubaguzi, namba zitasema. Na chumba cha kando kiwe na mkalimani, maji, na simu ya kumpigia mtu mmoja. Mkongo anayeongea Kifaransa asihojiwe kwa Kiingereza halafu aambiwe majibu yake hayaeleweki.

Tunajiita Magical Kenya kwenye mabango. Tunasema karibu kwa lugha ambayo dunia nzima imejifunza neno hilo kutoka kwetu. Basi mzee wa Bujumbura anayekuja kumuona mjukuu wake aisikie vile vile mtalii wa Maasai Mara anavyoisikia.

Ukiwa na rafiki aliyewahi kurudishwa bila sababu, hapa kwetu au kwingine, mwambie aandike tarehe, saa, namba ya ndege na maneno aliyoambiwa, na aweke kila ujumbe na kila tiketi. Mohochi alifika kortini na tarehe na kumbukumbu, na alishinda. Na wewe afisa wa uhamiaji unayesoma hapa kimya kimya, najua mko, niambie hapo chini: ungeogopa nini kwenye hiyo karatasi?