KIJIKO CHA MABOKSI USIKIUZE KWA BEI YA MABOKSI

Wadau, dukani kwangu Omurushaka nauza vijiko vidogo vya maboksi na sirinji, kazi ya vijana wa huku Karagwe na Kyerwa. Kinachoniuma ni muuzaji kupost picha moja na kuandika "mdoli wa mtoto, bei poa". Jamani, ile ni mashine!

Mwaka 2019 Lego walitoa kijiko cha Liebherr R 9800: vipande 4,108, mota 7, bei karibu dola 450. Ni plastiki, ila watu walilipa kwa sababu kinachimba. Cha kwetu nacho kinachimba. Ukisukuma sirinji, maji yanapita kwenye mpira na mkono unanyanyuka. Kijiko cha barabarani nacho ni hivyo hivyo, tofauti kinatumia oili na pampu.

Kwa hiyo:

1. Post video kikichota mchanga. Sekunde 20 zinatosha.
2. Sirinji ziwe mpya za duka la dawa, na mwambie mteja. Zilizotumika ni hatari, usiguse.
3. Toa hewa yote kwenye mpira. Hewa inabonyea, mkono unalegea, mzigo unarudishwa.
4. Kwenye bei anza na siku za fundi, halafu vifaa na nauli ya basi, faida yako mwisho.

Ukimlipa fundi hela ya boksi, kesho yuko kwenye bodaboda, na wewe unabaki na page haina mzigo.

Wewe fundi wako unamlipaje? Tuambie.