Ukuta wa Usiku Si Mpaka

Ipo tabia mbaya inayoota mizizi katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, na Segerea haikusalimika. Mwenye uwezo hushusha matofali jioni. Kunapokucha, njia waliyopita watoto wakienda shule imemezwa na ukuta, na jirani amepokonywa hatua mbili za kiwanja chake. Akilalamika hujibiwa kwa kiburi: "Nenda mahakamani!"

Jibu hilo si heshima kwa sheria. Ni mbinu ya kumchosha mnyonge asiye na nauli wala wakili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatamka kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Anayeiba hatua mbili, basi, hamdhulumu jirani peke yake.

Wapo wanaodai kwamba Baraza la Kata halina meno tena, kwa kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi. Wanapotosha. Baraza limeachiwa usuluhishi, nalo limepewa siku 30. Ukishindikana, ndipo shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hatua hiyo hairukwi. Na ni nani ajuaye mpaka kuliko wazee walioupanda mnyaa?

Tuseme kweli, ndugu watumishi wa umma na walimu: miongoni mwa wajenzi wa kuta hizo tumo na sisi tuliosoma. Tunapunga karatasi ya mauziano isiyo na kipimo chochote, iliyoandikwa "mpaka ni mwembe". Kisha mwembe tunaukata. Nao baadhi ya viongozi wa mitaa hutia muhuri bila kukanyaga kiwanja, wakisahau kwamba cheo ni dhamana.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Kabla ya kuchimba msingi, waitwe majirani wa pande zote pamoja na kiongozi wa mtaa; kipimo kichukuliwe mchana, alama zisimikwe, wote watie saini. Asiyethubutu kupima mbele ya jirani yake anajua anachokificha.

Kiongozi atakayetia muhuri bila kuona mpaka awajibishwe. Na msomi aliyejenga usiku aubomoe ukuta wake mchana, majirani wakimwona.