Shauri Moja Likigawanywa Mahakamani

Familia nyingi zikisikia kwamba hakimu ameamuru madai yao yasikilizwe mbalimbali, hudhani zimeshindwa. Wengine hukata tamaa na kuacha kuhudhuria. Wiki hii tumeona tulieleze jambo hili, kwa kuwa gharama ya kutolielewa hubebwa na mjane na mayatima.

Tuchukue mfano wa basi lililopinduka. Yumo kijana aliyevunjika mguu, mfanyabiashara aliyepoteza magunia yake ya mchele, na marehemu aliyeacha mke na watoto wadogo. Ajali ni moja na ushahidi wa mwendo wa basi ni uleule, hivyo sheria ya Tanzania Bara inawaruhusu kufungua shauri moja. Hata hivyo, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, katika Amri ya Kwanza na ya Pili, inaipa mahakama uwezo wa kuyatenganisha pale inapoona kuwa kuyachanganya kutaleta usumbufu au ucheleweshaji. Daktari wa mifupa hana la kusema juu ya mchele. Wala mjane hana sababu ya kungoja kijana amalize upasuaji wa pili ndipo fidia yake ijulikane. Kutenganishwa, basi, si kufutwa. Haki ya kila mmoja inabaki hai.

Lakini kisu cha kugawa kimo mkononi mwa hakimu, si mwetu. Amri hiyo ya Pili inamtaka mdai alete dai lake lote linalotokana na chanzo kimoja. Anayedai leo gharama za matibabu peke yake, akikusudia kudai mwakani kipato alichokipoteza, atakuta mlango umefungwa.

Iko pia kesi ya trafiki, na hapa ndipo tunapoona watu wengi wakipotea. Kesi hiyo ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Faini yake huingia serikalini. Dereva akitiwa hatiani, hukumu hiyo humsaidia mdai kama ushahidi. Akiachiwa, dai la fidia halifi, kwani kipimo cha ushahidi katika madai ni chepesi zaidi. Tatizo ni kungoja. Muda wa kufungua dai la madhara yatokanayo na uzembe ni miaka 3, na kesi ya trafiki haiusimamishi.

Kwa aliyefariki, mgawanyo mwingine unagusa mirathi moja kwa moja. Sheria inatambua madai ya aina mbili: yale ambayo marehemu mwenyewe angeyadai kama angeishi, na yale ya waliopoteza matunzo yake. Fedha za kwanza ni sehemu ya mali aliyoiacha. Hulipiwa madeni, hutekelezewa wasia, kisha hugawiwa warithi kwa mafungu yao. Za pili hupimwa kwa kadiri kila mtegemezi alivyoathirika, hivyo mtoto wa miaka 3 aweza kustahiki zaidi ya kaka yake anayejitegemea. Ami anayezikusanya zote katika fungu moja, hata kwa nia njema, anamnyima mtoto huyo kilichokuwa chake.

Kwa sababu hiyo, msimamizi wa mirathi amwombe wakili aziandike aina hizo mbili kila moja na kiasi chake katika hati ya madai, na wakati wa hukumu aiombe mahakama itaje fungu la kila mtegemezi kwa jina.